Una milioni 14 na unataka kuanza kukata miti: kirikuu isubiri kwanza

Kuna kijana kaniandikia kutoka Lushoto, nafupisha: "Kaka shikamoo. Miaka minne nimekuwa kibarua wa kupanda na kukata miti kwa chenso ya bosi, sasa nataka kujitegemea. Nimekusanya milioni 14. Kuna kirikuu nauziwa milioni 9 na nusu, na kuna mzee ana chenso ya Stihl 070 ya zamani ananiachia bei ya kutupa. Nafikiria niweke keji ya wavu kwenye kirikuu, niongeze springi, niwe nafanya kazi Lushoto na Tanga mjini. Hapo nimekaa sawa au nimepotea? Na vifaa nivitunzeje vidumu?"

Marahaba mdogo wangu. Kwenye kujitegemea hujapotea, kwenye mpangilio wa hela ndo umepotea, yaani unataka kuanza na matairi wakati kazi yako inafanyika juu mita 15 umening'inia kwenye kamba. Hiyo milioni 9 na nusu ikishaingia kwenye kirikuu unabaki na nini? Milioni 4 na nusu, toa keji, toa springi, toa bima na kubadilisha jina, unaishia kununua kamba ya dukani ya kufungia mbuzi na kupanda nayo. Nimeona watu wameanza hivyo. Mmoja anatembea na fimbo mpaka leo.

Tuanze na kirikuu yenyewe maana najua ndo inakukaa rohoni. Zile Suzuki Carry na wenzake zimetengenezwa Japani kwa sheria ya gari ndogo, injini sisi (cc) 660 na mzigo mwisho kilo 350. Mia tatu hamsini tu, na hapo wameshapiga hesabu ya ekseli, breki na tairi zake. Sasa chukua gogo la mkaratusi mbichi, kipenyo sentimita 50, likate urefu wa mita 1. Ujazo wake ni karibu 0.2 ya mita za ujazo, na mkaratusi ukiwa mbichi mita moja ya ujazo inacheza kwenye tani nzima. Kwa hiyo kipande kimoja tu ni kama kilo 195. Pakia viwili, kirikuu imeshapitiliza. Mti mzima wa unene huo wenye urefu wa mita 25 shina peke yake lina tani 2 hivi, matawi hujagusa. Hizo ni safari sita, kwa mti mmoja.

Na usiniambie utaongeza majani ya springi. Springi inanyanyua tu makalio ya gari lisionekane limekaa, ekseli ni ileile, beringi zilezile, na breki ndo zilezile za kusimamisha kilo 350. Unaijua barabara ya kushuka Lushoto kwenda Mombo kuliko mimi, zaidi ya kilomita 30 za kona, upande mmoja mwamba upande wa pili korongo, ukifika Soni umeshakanyaga breki mara ngapi? Drami zikipata moto breki inakuwa laini kama unakanyaga mkate. Mzigo wa magogo haukusubiri. Mi mwenyewe nilishawahi kushuka pale na pikapu ya kuazima imejaa mivinje, nikanusa harufu ya lainingi kuungua, nikapaki tukakaa saa nzima tunatazamana, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuongea.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza gari kodi. Canter ya tani 3 au 4 ipo kila stendi ya mizigo, unamlipa mwenyewe kwa safari, unaiweka kwenye bei ya mteja, na likipasuka tairi ni lake. Afu nusu ya kazi hata gari huhitaji. Kule kwenu majani ya mgrevilea watu wanayataka wenyewe, ya ng'ombe na ya kutandaza shambani, kuni mteja anabaki nazo, we unakata urefu anaotaka na kupanga vizuri pembeni ya banda. Uliza kabla hujataja bei: "taka tunaondoa au zinabaki?" Swali hilo moja limeniokolea hela nyingi kuliko mashine yoyote niliyowahi kununua.

Haya, chenso. Hiyo 070 mwachie mzee wake. Siisemi vibaya, ni mashine ya chuma kweli, sisi 105, wapasua mbao wa huko milimani wameisomeshea watoto, na spea zake zipo kila mahali. Ila ni ya kupasua mbao, gogo limelala chini na we umesimama. Ina zaidi ya kilo 10 hata upanga (kile kibati kirefu kinachozungukiwa na cheni) hujaweka, na haina breki ya cheni. Yaani ncha ya upanga ikigusa tawi chenso ikapiga teke, inarudi usoni na cheni inazunguka, hakuna kitu cha kuisimamisha zaidi ya shingo yako. Chini ni hatari, juu ya mti ndo usithubutu.

We unahitaji mbili. Ya kwanza ndogo ya kupanda nayo, kilo 4 hivi, kama Stihl MS 170 au nyingine yoyote ya sisi 30 kwenda 35 yenye breki inayofanya kazi. Ukipata zile za mpini wa juu zilizotengenezwa kwa ajili ya wapandaji ni nzuri zaidi, ila ni ghali na zina tabia mbaya ya kumshawishi mtu akate kwa mkono mmoja, na wengi waliokatwa mkono wa kushoto walikuwa wameshika tawi kwa huo mkono. Ya pili ya chini ya wastani, MS 250 ya sisi 45 inatosha kabisa kwa miti ya nyumbani, ukiwa na hela zaidi MS 381 ya sisi 72 kwa ajili ya mashina makubwa. Lakini 381 unaweza kuiazima au kuikodi siku ya shina kubwa, haiji kila siku.

Najua utaniuliza za Kichina, zile wanazoandika 5800. Sina dharau nazo. Kwa kazi za chini zinasukuma, spea bei chee, fundi yeyote anazijua. Mi ninayo moja ya kukatia mizizi na magogo yenye mchanga, yaani kazi ambazo sitaki mashine yangu nzuri iguse. Shida yake ni mtetemo na uzito, ukiishika siku nzima vidole vinakufa ganzi, na breki zake nyingine ni pambo. Ijaribu hukohuko dukani: chenso imewashwa, iko chini kwenye sakafu, piga resi cheni izunguke, sukuma ile ngao ya mbele kwa mgongo wa mkono, cheni isimame palepale kama imepigwa msumari. Ikijivuta, rudisha. Na ukinunua Stihl au Husqvarna nenda kwa wakala mwenye duka na risiti, kwa sababu feki zimejaa, rangi ileile, kibandiko kilekile, ukifungua ndani silinda kama ya pampu ya baiskeli.

Afu nunua msumeno wa mkono wa kupogolea, ule uliopinda unaokata ukivuta. Watu wanauona wa kizamani. Tawi la unene wa mkono wako, ule msumeno unalikata kabla hujamaliza kuvuta kamba ya chenso, haulii, hauna teke, unaning'inia kwenye ala mguuni. Kupogoa mwembe mzima wakati mwingine chenso siiwashi.

Sasa tuje kwenye matunzo, na hapa nitakaa kidogo maana ndo pana hela yako.

Kitu kinachoua chenso nyingi ni cheni butu, na watu hawajui. Cheni ikiwa butu unaanza kuisukuma, ukisukuma injini inalia bila kukata, joto linapanda, upanga unaliwa, klachi inaungua, mwisho wa siku fundi anakwambia pistoni, na we unaanza kulaumu oili. Angalia kinachotoka. Cheni kali inatema vipande, kama karoti iliyokwanguliwa, cheni butu inatoa unga kama wa sembe. Ukiona unga, zima. Usimalizie "kidogo tu kilichobaki".

Kunoa nilifundishwa hivi na ndo ninavyofanya. Bana upanga kwenye gogo, kata kamfereji kidogo kwenye kisiki uingize upanga ukae imara. Chukua tupa ya duara ya saizi yake, na hapa ndo wengi wanaharibu, tupa moja wanainolea kila cheni. Ile cheni ndogo ya MS 170 ni tupa ya milimita 4, cheni ya saizi ya .325 ni 4.8, ile kubwa ya 3/8 ni 5.2. Namba iko kwenye boksi la cheni, usilitupe. Tafuta jino lililoumia kuliko yote, anza nalo. Tupa inakwenda kwa pembe ya digrii 30, kuna mstari mdogo umechorwa kichwani mwa jino, ufuate, unasukuma kutoka ndani kwenda nje, ukirudi unanyanyua, usisugue huku na huku kama unasafisha sufuria. Mara tatu au nne, hesabu, na kila jino lipate idadi ileile, maana meno ya kulia yakiwa marefu kuliko ya kushoto chenso inakata upinde, unaanza mti hapa unatokea kule. Ukimaliza upande mmoja zunguka upande wa pili. Tazama ncha ya jino kwenye jua: ukiona kamstari keupe kanang'aa ukingoni, bado butu, ukali haung'ai.

Kila ukinoa mara nne tano shusha na ile nundu iliyo mbele ya jino, kwa tupa bapa. Ile ndo inapima jino liume kiasi gani, inatakiwa iwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Usipoishusha, utanoa mpaka cheni iishe na bado haikati. Ukiishusha sana kwa pupa, chenso inauma kama mbwa na inapiga teke. Kuna kipimo kidogo cha bati wanakiuza, hakizidi bei ya chakula cha mchana, kinunue.

Ukishuka Tanga utakutana na minazi, na huo ni mtihani mwingine. Ganda la nje la mnazi ni gumu na linakula meno, ndani nyuzinyuzi zinaingia kwenye kava ya sproketi mpaka cheni inabanwa. Kila baada ya vipande vitatu vinne fungua kava utoe nyuzi. Na shina lolote la pwani lipige brashi ya chuma kwanza pale unapokatia, mchanga ukigusa cheni sekunde mbili tu umepoteza nusu saa ya kunoa.

Oili ya cheni: usiweke oili chafu. Najua kila mtu anaweka, na bosi wako alikuwa anaweka. Ina vumbi la chuma la injini ya mtu mwingine, inasaga pampu na mfereji wa upanga, na inakurukia mikononi na kwenye nguo mpaka ngozi inaota vitu. Kama ya cheni huipati nunua oili mpya ya kawaida ya SAE 40, ni afadhali mara mia. Jua kama inafika: elekeza ncha ya upanga kwenye boksi la karatasi, piga resi, utaona mchirizi wa matone kwenye boksi. Hakuna mchirizi, toa upanga, zibua kale katundu. Na kila siku unapoufungua upanga ugeuze, juu uwe chini, uliwe sawasawa pande zote. Jioni legeza cheni kabla hujaondoka, imetanuka kwa joto, ikipoa inasinyaa na inavuta shafti.

Mafuta, petroli na oili ya 2T. Kwa oili nzuri ya mashine zenyewe ni 1 kwa 50, yaani lita 5 za petroli unaweka mililita 100. Oili nyingine na zile za Kichina nyingi ni 1 kwa 25, mililita 200 kwa lita 5, soma kwenye kitabu. Pima kwa kichupa chenye namba, achana na kifuniko cha soda. Tingisha kidumu kila unapojaza. Petroli nunua kituo chenye foleni, sio ya chupa barabarani, ile hujui imechanganywa na nini na mashine ya tu-stroku haina msamaha kama bodaboda. Na usichanganye ya mwezi mzima, changanya ya wiki.

Halafu hili la kwako wewe hasa, maana unataka kufanya kazi Lushoto na Tanga. Lushoto iko juu mita 1,400 hivi, hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko huku baharini. Chenso ya kabureta ya kawaida ikiwa huko juu inapata petroli nyingi kuliko hewa, inatoa moshi, inakuwa nzito, kwa hiyo fundi wa huko anaifunga skrubu ya H (ile ya kabureta inayopima petroli resi ikiwa juu) kidogo, inachangamka, wote mnafurahi. Jumatatu umepata kazi Tanga, unashuka nayo hivyohivyo. Huku hewa ni nzito, petroli uliyoifunga haitoshi tena, na kumbuka oili ya kulainisha pistoni inakuja na petroli hiyohiyo, hakuna oili nyingine. Chenso italia vizuri ajabu! Kali, nyembamba, utasema leo imeamka. Ndani ya nusu saa inazima kwenye gogo, ukivuta kamba ngumu. Hapo pistoni imeshajipaka kwenye silinda.

Ilinitokea mimi na ujanja wangu wote, nilitoka Magamba kule Lushoto na mashine ya miezi miwili nikaenda kukata mwarobaini karibu na Raskazone, Tanga mjini, sikufika mchana. Bei ya silinda na pistoni bado naikumbuka.

Kwa hiyo ukishuka, kabla ya kukata fungua H kidogo kinyume na saa, robo ya mzunguko au chini ya hapo, afu piga resi hewani usikilize. Inatakiwa iwe inaguguma kidogo, kama ina mafua, na ukiizamisha kwenye gogo ule mgugumo unaisha inanyooka. Ikiwa inalia kama nyuki hata bila mzigo, imekauka, fungua tena. Ukirudi juu, funga kidogo. Mashine mpya zenye kompyuta zinajirekebisha zenyewe, ila hiyo MS 250 yako haitajirekebisha. Na eya klina safisha kila siku, ikijaa vumbi utadhani kabureta kumbe pumzi.

Kamba na mkanda. Hapa sina mzaha na wala usilete habari za mtumba. Kamba iliyotumika hujui imedondosha nini, imelala wapi, imekaa jua miaka mingapi. Nunua mpya, ya kupandia watu, milimita 11 mpaka 13, imeandikwa EN 1891 aina A, mita 45 inatosha kuanzia. Kamba ya mkonge, nasema hivi mimi mtu wa Tanga ambao mkonge ndo umetulea, ni ya kuvutia matawi mepesi. Ya bluu ya wavuvi ni ya boti, jua linaila na ikisuguana inayeyuka.

Mkanda vilevile. Wajenzi wanauziwa ule wa kuzuia kuanguka wenye pete moja mgongoni, ukiuvaa mtini unaning'inia kama popo na huwezi kufanya kazi. Wako uwe na pete mbili za nyonga na sehemu ya kukalia, lebo iwe na EN 358 na EN 813. Ongeza kamba fupi ya kuzungushia shina yenye waya wa chuma ndani, na sheria moja: chenso ikiwa inawaka juu, umefungwa sehemu mbili. Ile kamba fupi na ile ndefu. Siku chenso ikakata moja unabaki na nyingine.

Viatu vya miiba usivitumie kupogoa, kila hatua ni tundu kwenye ganda na ugonjwa unaingilia hapo, mwembe wa mtu utaoza kidogokidogo na yeye hatajua kwa nini. Miiba ni kwa mti unaoondoka tu.

Ngoja nikuonyeshe kitu kuhusu kutunza kamba. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naweka kamba nyuma ya siti ya pikapu. Siku moja naikagua kama kawaida, napitisha mkononi sentimita kwa sentimita huku naikunja, nikafika sehemu ina doa la kahawia kama chai iliyomwagika. Ngumu kidogo. Nikaikunja pale, nikavuta nyuzi za juu kwa kucha mbili, zikakatika kama tambi kavu. Sikuelewa. Nikawaza wee mpaka nikakumbuka wiki mbili kabla nilibeba betri ya gari palepale kwenda kuchajisha. Asidi. Matone tu. Nailoni na asidi ya betri havikai chumba kimoja, na kwa mbali ile kamba ilikuwa inaonekana nzima kabisa. Nilikuwa nimeipandia mara tatu baada ya ile betri.

Toka siku hiyo kamba zangu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, peke yake, petroli haisogei, betri haisogei, na kila asubuhi napitisha yote mkononi kabla sijavaa. Dakika tano. Kamba ya kushushia magogo ni nyingine, nene, milimita 14 mpaka 16, rangi tofauti, na hiyo hata siku moja usiipandie kwa sababu inapokea vishindo.

Helmeti yenye wavu na kinga ya masikio, suruali ya chenso. Suruali ndo kitu watu wanaruka kwa sababu ya joto na bei. Zile nyuzi za ndani zinatoka zinabana sproketi, cheni inasimama. Ukishindwa suruali nunua zile za kufunga mbele ya mapaja, ila kazi ya chini tu. Sikio langu la kushoto linalia mlio kama friji usiku kucha, sababu miaka kumi ya kwanza nilikuwa najifanya mwanaume.

Sasa tuseme mwaka umepita, una wateja, unalipa Canter kila wiki mpaka inauma. Hapo ndo unanunua gari, na nunua Canter ya tipa, tani 2 au 3 inatosha. Mi napenda za injini ya 4D33 au 4D32, pampu ya kawaida, umeme kidogo, fundi wa Korogwe anaifungua usiku na tochi. Ukiikagua usiangalie rangi. Lala chini. Gari lililokaa pwani linaliwa na chumvi, gonga chesisi na nyundo ndogo, mlio mfu maana yake kutu imekula. Angalia karibu na bawaba za tipa kama kuna ufa au kuna mahali pamechomelewa upya. Nyanyua bodi, iache juu dakika kumi, likishuka lenyewe jeki inavujisha. Exosti breki (ile inayoziba moshi ili injini ipunguze mwendo) ijaribu kwenye mteremko, ndo itakayokushusha Soni salama. Na kamwe usiingie chini ya bodi lililonyanyuka bila kuweka gogo la kuegemeza. Kamwe.

Marekebisho machache tu. Keji ya bomba za mraba na wavu, urefu wa mita moja juu ya mbao za pembeni, kwa ajili ya matawi, matawi ni mepesi ila yanakula nafasi. Weka mashina ya matawi yote upande mmoja, afu rukaruka juu na panga unakata viwiko vya matawi, mzigo unashuka nusu. Keji iwe ya kufunga kwa bolti, siku ya magogo unaitoa. Nyuma ya kabini weka ukuta wa chuma, kwa sababu ukifunga breki ghafla gogo linakuja mbele na dereva ndo yuko hapo. Fundi akichomelea, atoe nyaya za betri kwanza la sivyo anakuulia altaneta, na asitoboe wala kuchomelea kingo za juu na chini za chesisi, hapo ndo inapobeba, atumie mabati ya kubana na bolti ubavuni. Boksi la vifaa liwe na vyumba viwili, chenso na mafuta kimoja chenye matundu ya hewa, kamba na mikanda kingine. Mtungi wa moto na pembetatu trafiki atakuuliza hata hivyo, ongeza kitambaa chekundu cha kufunga kwenye matawi yanayozidi, na sanduku la dharura lenye bandeji nene za kubana, sio panadol na plasta tu. Bodi likibadilika kaweke sawa kadi TRA.

Kuvuta mti kwa gari ukiangusha, acha. Wote wanafanya, dereva anaachia klachi, kamba iliyolegea inakaza ghafla, aidha inakatika na kurudi kama mjeledi au mti unapasuka wima kabla hujamaliza kukata. Winchi ya mkono ya kuvuta waya, zile Tirfor za tani 1.6, inavuta polepole na inashikilia pale ulipoiacha. Ukiipata iliyotumika lakini waya mzima, chukua.

Mti ukiwa umegusa nyaya au uko karibu nazo, hakuna kifaa cha kununua. Wapigie TANESCO wazime, usubiri. Tawi bichi linapitisha umeme, hata kamba iliyoloa inapitisha. Na kabla ya kukata pita kwa mtendaji na afisa misitu, na magogo yakisafiri uwe na TP (kibali cha kusafirisha) mkononi.

Kwa hiyo kwenye milioni 14 yako: chenso mbili, msumeno wa mkono, kamba mbili, mkanda, kinga zote mpaka za kibarua wako, cheni tatu tatu za akiba na tupa za kutosha, na bado itabaki hela nzuri. Hiyo iliyobaki usiiguse, ndo itakodi Canter miezi mitatu ya mwanzo wakati wateja wanalipa kwa kuchelewa.

Na kirikuu, kama bado inakusumbua usingizi, fanya hivi. Mwambie mwenye nayo Jumamosi asubuhi mpakie mifuko saba ya saruji, kila mmoja kilo 50, hiyo ndo 350 kamili. Kaa pembeni yake mshuke mpaka Soni. Mkifika pale shuka uguse ringi za nyuma kwa mkono, afu uniandikie.